I au me? Katakata kitenzi cha Kiswahili kwanza

Nafundisha Kiingereza jioni, na sentensi ninayoisahihisha kila wiki ni hii: "Me and Juma went to the market." Mwanafunzi alianza na "mimi na Juma", na kwa kuwa "mimi" yetu haibadiliki popote ikaapo, akabahatisha. Huna haja ya kubahatisha. Kitenzi chetu tayari kina jibu.

Hatua ya 1. Andika sentensi kwa Kiswahili, kisha ukate kitenzi vipande. "Nilimpigia": ni-li-m-pigia. Hiyo "li" ya wakati uliopita ndiyo mpaka. Aliye kabla yake anatenda, aliye baada yake anatendwa. "Ni" iko kabla, basi ni I. "M" iko baada, basi ni him, au her akiwa mwanamke. "I called him." Sasa geuza: a-li-ni-pigia. "Ni" ileile imevuka mpaka, imekuwa me: "He called me." Mpaka waweza pia kuwa "na", "ta" au "me". Hiyo "me" ya "amenipigia" ni ya wakati tu, usiichanganye na ya Kiingereza.

Hatua ya 2. Kabla ya mpaka weka I, he, she, we, they. Baada yake weka me, him, her, us, them. You na it hazibadiliki.

Hatua ya 3. Wakiwa wawili ndipo wengi huteleza, maana kitenzi huwafunika kwa "tu": "Mwalimu alituita mimi na Asha." Mwondoe Asha. Inabaki "aliniita", na "ni" iko baada ya "li". Kwa hiyo: "The teacher called Asha and me." Wengi huandika "Asha and I" hapa wakidhani ndiyo heshima. Heshima ni kumtanguliza Asha, basi. Ile me ibaki me.

Hatua ya 4. Baada ya to, for, with na between, kitenzi hakikusaidii. Tumia kundi la pili moja kwa moja: "with him", "between you and me".

Jaribu hii: "Watatupeleka mimi na dada." Kata, mwondoe dada, kisha linganisha: "They will take my sister and me."