Kulipa Mkopo wa HELB Bila Faini: Mwongozo kwa Wahitimu wa Mombasa

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na vijana wengi wanaopita mikononi mwangu wamesomeshwa na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu. Riba ya shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na hiyo inabebeka. Kinachovunja watu mgongo ni faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi ambao haukulipwa. Chukua deni la Sh200,000: riba ya mwaka ni kama Sh8,000, lakini faini ya mwaka mzima ni Sh60,000. Pambana na faini kwanza.

Hatua ya 1: Lijue deni lako
Ingia kwenye akaunti yako ya HELB mtandaoni, upakue taarifa ya mkopo. Ikiwa umesahau nywila au laini uliyojisajilia imepotea, chukua kitambulisho uende Huduma Centre, pale Posta, Barabara ya Digo. Nenda asubuhi mapema. Wakati huo huo badilisha nambari ya simu na baruapepe, maana notisi zikienda kwenye laini iliyokufa, faini haikusubiri.

Hatua ya 2: Hesabu mwaka wako
Unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kabla ya kuanza kulipa. Hauhesabiwi kuanzia siku utakayopata kazi.

Hatua ya 3: Ukiajiriwa, sema mapema
Peleka taarifa ya mkopo kwa anayeandaa mishahara. Mwajiri anapaswa kukata na kuwasilisha pesa kwa bodi. Hapa ndipo nawasihi sana: mstari wa HELB kwenye payslipu unaonyesha kwamba pesa zimekatwa, hauonyeshi kwamba zimefika. Kila baada ya miezi michache, weka payslipu zako kando ya taarifa ya mkopo, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Ukiona pengo, mwandikie mwajiri barua, nakala uipeleke HELB pamoja na hizo payslipu. Usitupe hata moja.

Hatua ya 4: Kazi ya msimu
Hili latuhusu sana sisi wa Pwani. Hoteli za Nyali na Bamburi hupunguza watu masika yakiingia, na vibarua vya bandarini huja na kuondoka. Mshahara ukikoma, makato nayo hukoma, ila deni linaendelea. Mwezi huo huo wa kusimamishwa, waandikie HELB uwaeleze hali yako, uwaombe mpango wa kiasi unachokimudu. Kisha lipa mwenyewe kwa simu, ukifuata maelekezo yaliyo ndani ya akaunti yako. Usimtumie mtu yeyote pesa kwa nambari yake binafsi, hata akijiita wakala.

Hatua ya 5: Faini zikishaanza
Usijifiche. Jina lako linaweza kupelekwa CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, na wadhamini waliokutilia sahihi, mara nyingi ni mzazi au mjomba, wanaweza kudaiwa. Bodi imewahi kusamehe sehemu ya faini kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, basi uliza kama nafasi hiyo ipo.

Hatua ya 6: Ukimaliza
Omba cheti cha kumaliza deni. Nakala yake mpe anayeandaa mishahara siku hiyo hiyo, kwa sababu asipopata karatasi mkononi, ataendelea kukata, na kudai pesa ulizolipa zaidi ni safari nyingine.