Somo: Kuendesha Django na PostgreSQL ndani ya kontena

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la yeyote ambaye mradi wake wa Django (mfumo wa kutengeneza tovuti kwa Python) na PostgreSQL (hifadhidata) unakubali kwake lakini unagoma kwa mwenzake. Mara nyingi ni matoleo: Django 5 haikubali Python iliyo chini ya 3.10, na mwenzako bado ana 3.8. Kontena hubeba programu pamoja na toleo lake, hivyo nyote mnaendesha kitu kilekile.

Hatua ya 1. Sakinisha Docker, yaani programu ya kuendesha kontena, kisha kwenye terminali andika `docker compose version`. Ikijibu namba, endelea.

Hatua ya 2. Kwenye folda ya mradi tengeneza faili `Dockerfile`:

```
FROM python:3.12-slim
WORKDIR /app
COPY requirements.txt .
RUN pip install -r requirements.txt
COPY . .
```

Usibadilishe mpangilio huo. Docker hujenga tabaka kwa tabaka: lisiloguswa halijengwi upya, ila moja likibadilika, yote yanayolifuata hujengwa upya. Ukitanguliza `COPY . .`, kila ukirekebisha mstari mmoja na kujenga tena, pip inapakua maktaba zote upya. Bando linateketea bure. Ndani ya `requirements.txt` weka `psycopg[binary]` (kiunganishi cha Python na PostgreSQL), maana imeji ya slim, yaani kifurushi kidogo ambacho kontena hutokana nacho, haina maktaba ya libpq ambayo psycopg huitegemea.

Hatua ya 3. Faili `compose.yaml`:

```
services:
  db:
    image: postgres:16
    environment:
      POSTGRES_PASSWORD: siri
    volumes:
      - data:/var/lib/postgresql/data
    healthcheck:
      test: ["CMD", "pg_isready", "-h", "localhost", "-U", "postgres"]
      interval: 5s
  web:
    build: .
    command: python manage.py runserver 0.0.0.0:8000
    volumes:
      - .:/app
    ports:
      - "8000:8000"
    depends_on:
      db:
        condition: service_healthy
volumes:
  data:
```

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye `settings.py`, HOST iwe `db`, siyo `localhost`. NAME na USER ziwe `postgres`, PASSWORD `siri`. Kila kontena ina localhost yake. Django ikiitafuta hifadhidata kwenye localhost, inajitafuta yenyewe, haikuti kitu, inarudisha "connection refused". Jina la huduma ndilo anwani. Kwa sababu hiyohiyo runserver imepewa 0.0.0.0: ikibaki na 127.0.0.1 itasikia wito wa ndani ya kontena tu, na kivinjari chako hakitafika.

Hatua ya 5. `docker compose up --build`. Terminali ya pili: `docker compose exec web python manage.py migrate`, ili majedwali yaundwe kwenye hifadhidata. Fungua localhost:8000. Kwa majaribio, badala ya migrate andika test. Django huunda hifadhidata ya pembeni na kuifuta ikimaliza, data yako haiguswi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa nini usiandike depends_on: db tu?*
Hiyo husubiri kontena iwake, haisubiri PostgreSQL iwe tayari. Mara ya kwanza hifadhidata hujiandaa kwa sekunde kadhaa, na Django ikiwahi inapata kosa. Ndiyo kazi ya pg_isready.

*Natumia Windows, RAM 8GB, kompyuta inakuwa nzito sana.*
Pole. Kwenye Windows, Docker huendeshwa ndani ya WSL (Linux ndani ya Windows), nayo ndiyo hula RAM. Kwenye folda yako ya mtumiaji tengeneza faili `.wslconfig`, andika `[wsl2]`, mstari wa chini `memory=3GB`. Kisha `wsl --shutdown`, uwashe Docker upya.

*Nilizima kwa docker compose down -v, data yote haipo. Inarudi?*
Hairudi, ndugu yangu. Hiyo `-v` hufuta volyumu, yaani hifadhi ya nje ya kontena inayotunza data. `Down` peke yake huiacha. Siku nyingine tanguliza nakala: `docker compose exec -T web python manage.py dumpdata > data.json`.