Kuandaa Safari ya Tajiri kwa Caravan, Hatua kwa Hatua

Wiki iliyopita nilimsaidia rubani kijana, aliyeajiriwa na familia moja ya Nairobi, kuandaa safari yake ya kwanza kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hadi Manda karibu na Lamu, kisha Maasai Mara na kurudi. Ndege ni Cessna Grand Caravan, ndege ndogo ya injini moja, na hatua tulizofuata ni hizi.

Kwanza, leseni iwe ya biashara. Leseni ya rubani binafsi haikuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, hata kama abiria ni tajiri na wanawe tu.

Pili, mkataba useme waziwazi kwamba uamuzi wa kuruka au kutoruka ni wa rubani. Sheria za anga zinasema hivyo tayari, lakini tajiri husoma mkataba.

Tatu ni uzito, na hapa usiharakishe. Usimuulize mtu kilo zake kwa simu, kwani atakutajia zile za siku ya harusi yake; mpandishe kwenye mizani akiwa ameshika begi lake. Mabegi yawe ya kitambaa, kwa sababu sanduku gumu hula nafasi bure katika kasha la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege. Kila lita 100 za mafuta zihesabu kuwa kilo 80. Jumla, pamoja na ndege yenyewe na wewe, isizidi kilo 3,969, lakini namba hiyo ni kikomo tu, haikuhakikishii kwamba utaruka popote. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, ambako joto la kawaida la kitabuni ni nyuzi 4, na kila nyuzi inayozidi hapo huifanya hewa kuwa nyepesi kana kwamba umepanda takriban futi 120 zaidi. Kwa hiyo adhuhuri ya nyuzi 26 ndege hujihisi iko karibu futi 8,200, na kwenye hewa nyepesi hivyo kupaa ni kugumu.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii tuliondoka Manda, pwani kabisa, na ndege ikapaa kama kishada. Kesho yake saa saba mchana, huko Mara kwenye nyanda za juu, mzigo ulikuwa uleule, ila wageni wawili walikuwa wameongezeka. Nilirudia hesabu mara tatu nikiwa nimesimama chini ya bawa, huku tajiri akiniuliza, "Jana si tulipanda vizuri?" Tulingoja hadi saa kumi hewa ipoe, na hata hivyo wale wageni wakarudi kwa gari. Tangu hapo hutuma ujumbe jioni ya kuamkia safari: "Mzee, kesho kutoka Mara tuna nafasi ya kilo 610 za watu na mizigo." Usiandike "watu saba", kwa kuwa atahesabu viti, na viti ni vingi. Hesabu zenyewe nazifanya kwa karatasi na kalamu; programu za simu zina tabia ya kubaki na namba za jana, nami siziamini.

Nne, piga simu kiwanjani asubuhi hiyohiyo uulize kuhusu matope, na kabla ya kutua pita chini mara moja uwafukuze nyumbu.

Tano, viwanja vya Mara havina taa, hivyo hesabu kurudi nyuma kuanzia machweo, yaani karibu saa kumi na mbili na nusu, ukitoa muda wa safari. Mimi hutoa nusu saa nyingine juu ya hiyo, kwa sababu sijamwona tajiri aliyemaliza chakula cha mchana kwa wakati.