Asbesto Inapovunjika Ghafla: Taarifa za Dharura na Kumbukumbu kwa Majengo ya Mombasa

Paa la asbesto lililotulia, lisilokwaruzwa wala kupasuka, hutoa nyuzi chache sana hewani. Hatari huzidi pale linapovunjika, linapotobolewa, linapokatwa kwa msumeno au linapoungua. Mjini Mombasa bado kuna shule, maghala na nyumba za wafanyakazi za zamani zenye mabati ya asbesto, na pengine mabomba ya maji ya mvua na bodi za dari za aina hiyo hiyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye jengo, msimamizi wake na mkandarasi, na unashughulikia mambo mawili tu: nani aarifiwe pindi asbesto inapovunjika bila kutarajiwa, na ni kumbukumbu zipi ziandikwe na kutunzwa baadaye. Haufundishi namna ya kuondoa asbesto, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wenye idhini na vifaa vyake.

Maradhi yanayoletwa na vumbi hili, yaani asbestosisi (makovu ndani ya mapafu), saratani ya mapafu na mesothelioma (saratani ya utando unaozunguka mapafu), huchukua miaka mingi kujitokeza, mara nyingi 20 hadi 40. Kibarua aliyevuta vumbi leo pale Shimanzi hatakohoa kesho. Atakapougua, huenda kampuni imeshafungwa na msimamizi ameshastaafu, na kitakachoweza kueleza alikuwa wapi, kwa muda gani na katika vumbi gani ni karatasi iliyoandikwa siku hiyo. Kwa sababu hiyo, taarifa na daftari si urasimu wa kumridhisha mkaguzi. Ni ushahidi ambao mtu mwingine atauhitaji tusipokuwepo.

Ni tukio gani linaloitwa dharura

Mvua za masika zinapoambatana na upepo wa kusi, tawi la mwembe au mnazi mzima unaweza kuangukia paa. Moto unaweza kuzuka ghalani, lori likarudi nyuma na kugonga ukuta, au fundi wa sola akapanda juu na kutoboa mashimo ya skurubu bila kuuliza paa ni la nini, na vumbi jeupe likamwagika juu ya kitanda cha mpangaji. Yote hayo ni dharura. Mkandarasi aliyechelewa kuomba kibali na sasa anataka kumaliza kazi kabla ya shule kufunguliwa hana dharura, ana haraka.

Kanuni za shirika la mazingira la Marekani, EPA, zina kipimo kizuri cha kujihoji, ingawa hazina nguvu ya sheria hapa Kenya. Zinasema kazi ya dharura ni ile iliyotokana na tukio la ghafla lisilopangwa, ambalo lisiposhughulikiwa mara moja litahatarisha usalama au afya ya watu, litaharibu mitambo, au litaleta gharama isiyo ya haki. Kwa kazi iliyopangwa, mwenye jengo huko hutoa taarifa siku 10 za kazi kabla ya kuanza. Kwa dharura hutakiwa kuarifu mapema iwezekanavyo, na asipitishe siku ya kazi inayofuata, akieleza saa na tarehe ya tukio pamoja na sababu ya kuliita dharura. Uingereza nayo hudai taarifa ya siku 14 kwa kazi inayohitaji leseni. Somo la kuchukua ni kwamba dharura hupunguza muda wa kusubiri, lakini haiondoi wajibu wa kuarifu.

Kabla ya kushika simu

Simamisha kazi, toa watu, funga milango na uzime feni na viyoyozi. Vipande vilowanishwe kwa maji yanayotiririka polepole, yaliyotiwa sabuni kidogo, kisha vifunikwe kwa turubai. Asifagie mtu yeyote, asipulize kwa hewa ya kompresa, wala asitumie mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi, maana huzitupa nyuzi ndogo hewani upya. Mtu mmoja, na awe mmoja tu, apewe kalamu aanze kuandika saa za matukio.

Nani aarifiwe

Wa kwanza ni watu wa karibu: waliomo ndani, na majirani walio upande ambako upepo unavuma kwenda. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, hivyo walio kaskazini ya jengo ndio wenye haki ya kuambiwa mapema wafunge madirisha na waanue nguo. Mzee wa mtaa hufikisha habari hii upesi kuliko tangazo lolote.

Ikiwa kuna moto au majeruhi, piga 999 au 112, na sentensi ya kwanza iseme kuwa paa ni la asbesto. Mabati hayo hupasuka kwa kishindo yakipata joto kali na kurusha vipande mbali. Zimamoto wakijua mapema, watavaa vifaa vya kupumulia na kusimama mahali panapofaa.

Kisha ni afisa wa eneo wa usalama na afya kazini, aliye chini ya kurugenzi ambayo wengi huiita DOSHS. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri, na hata mtu aliyejiajiri, amwarifu afisa huyo kuhusu ajali, tukio la hatari au sumu iliyompata mtu mahali pa kazi. Mtu akifariki, taarifa itolewe ndani ya saa 24, na maandishi katika fomu rasmi yafuate ndani ya siku 7. Ajali iliyomjeruhi mtu bila kumuua nayo huandikiwa taarifa ndani ya siku 7. Mwajiri fulani atasema kwamba hakuna aliyeumia, basi hakuna cha kuripoti. Hoja hiyo ni dhaifu mbele ya asbesto, kwa kuwa madhara yake hayaonekani siku hiyo. Ni afadhali afisa aambiwe jambo aliloliona dogo kuliko afichwe lililo kubwa.

NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, huarifiwa kwa upande wa mazingira na taka. Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na Sheria ya Mazingira ya 1999 inamtaka mwenye ghala, gari au chombo kilichomwaga dutu hatari aiarifu mamlaka mara moja na aanze kusafisha. Lori lililobeba mabati yaliyong'olewa Changamwe likipinduka njiani, jukumu hilo limeshamwangukia mwenye lori hata kabla polisi hawajafika. Idara ya afya ya umma ya kaunti nayo iambiwe, hasa ikiwa jengo ni shule, zahanati au nyumba ya kupanga.

Tukio likitokea Ijumaa jioni au siku ya Idi, usingoje ofisi zifunguliwe. Piga simu, tuma barua pepe usiku huo huo, kisha siku ya kwanza ya kazi upeleke barua mkononi ikiwa na nakala ya pili, na nakala hiyo ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi nawe. Simu isiyo na maandishi nyuma yake ni vigumu kuithibitisha.

Maneno ya taarifa

Taarifa ya kwanza iwe fupi na itenganishe kinachojulikana na kinachokisiwa. Ufuatao ni mfano wa kubuni:

"Leo Jumanne saa tatu na robo asubuhi (09:15) tawi la mwembe limeangukia paa la bweni la wavulana. Mabati manne ya asbesto, takribani mita 10 za mraba, yamevunjika. Vipande viko ndani ya chumba na uani upande wa kaskazini. Watu sita walikuwa ndani, wote wametoka, hakuna aliyejeruhiwa, majina tumeyaandika. Chumba kimefungwa saa tatu na dakika ishirini na tano (09:25). Vipande vimelowanishwa na kufunikwa. Hatujaondoa chochote. Sampuli haijapimwa, tunayachukulia kuwa ni asbesto kwa sababu ya umri wa jengo. Tunaomba maelekezo kabla ya kuendelea."

Sentensi mbili katika mfano huu zina thamani kuliko nyingine. "Hatujaondoa chochote" humhakikishia afisa kuwa ushahidi uko mahali pake na taka haijapakiwa kwenye mkokoteni usiku. "Tunayachukulia kuwa ni asbesto" huzuia hasara ya kungoja maabara ilhali vumbi linasambaa. Maneno ya kuepukwa ni "hali imedhibitiwa", kwa sababu hayasemi nani alidhibiti nini, wala saa ngapi.

Kiasi kikibadilika baadaye, kwa mfano ikagundulika kuwa dari nayo imepasuka, tuma taarifa ya nyongeza. Kanuni za Marekani hudai marekebisho pale kiasi kinapobadilika kwa asilimia 20 au zaidi, na kipimo hicho kinafaa hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha.

Daftari la tukio

Tumia daftari gumu lenye kurasa zilizotiwa nambari, na uandike kwa wino. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya chini yakisomeka, na aliyekata atie sahihi na tarehe. Wino mweupe wa kufutia hauruhusiwi kamwe. Saa ziandikwe kwa namna isiyoleta shaka, maana "saa 3" iliyoandikwa na mzee wa Kisauni ni saa tatu ya asubuhi au ya usiku, na wakili wa miaka ijayo anaweza kuisoma kuwa alasiri au alfajiri. Weka zote mbili kama katika mfano wa juu.

Orodha ya watu ndiyo sehemu ninayoona ikiharibiwa mara nyingi. Katika maeneo ya kazi watu hujulikana kwa lakabu, na daftari hujaa "Babu", "Kijana wa Likoni" na "Ali mrefu". Baada ya miaka thelathini hakuna atakayemtambua Ali huyo. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, kazi aliyofanya, alikaa muda gani karibu na vumbi, na alivaa barakoa ya aina gani. "Alivaa barakoa" haitoshi, kwa sababu barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Waandikwe pia wasio wafanyakazi: mlinzi wa getini, mpangaji aliyelala chumbani, na hamali aliyeitwa kusukuma vifusi kabla mtu hajakataza.

Hewa ikipimwa, nakala ya matokeo iambatane na mahali kipimo kilipowekwa, muda kilipofanya kazi, mbinu ya kuhesabu na jina la aliyepima. Tarakimu peke yake haina maana. Kikomo cha Marekani kwa mfanyakazi ni nyuzi 0.1 kwa kila sentimita ya ujazo kwa wastani wa saa 8, na cha Uingereza ni 0.1 hiyo hiyo kwa wastani wa saa 4. Nambari moja, masharti mawili.

Kwa upande wa taka, kanuni za 2006 zinamtaka msafirishaji awe na leseni ya NEMA na abebe hati ya kufuatilia taka iliyojazwa. Mwenye jengo abaki na nakala, na idadi ya mifuko iliyotoka getini ilingane na idadi iliyopokelewa mahali pa kutupia. Marekani, nakala yenye sahihi ya mpokeaji isiporudi ndani ya siku 35, mwenye taka hulazimika kuulizia, na ikifika siku 45 huripoti kwa mamlaka. Jiwekee tarehe kama hizo kwenye kalenda, kwa kuwa ni katika kimya hicho ndipo mabati ya asbesto huishia kuezekea banda la kuku.

Rekodi za uchunguzi wa afya zikae mbali na daftari la kazi, katika faili lililofungwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mfanyakazi ana haki ya kuziona zake.

Muda na mahali pa kuhifadhi

Pendekezo namba 172 la Shirika la Kazi Duniani, la 1986, linataka rekodi za vumbi na za watu waliokumbana nalo zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 30. Marekani huhifadhi rekodi za matibabu kwa muda wote wa ajira na miaka 30 zaidi; Uingereza hudai miaka 40 kwa rekodi za afya. Ushauri wangu ni kuchukua 40 kwa kila kitu, hata hati za taka ambazo kwingineko huruhusiwa kutupwa baada ya miaka 2, kwa kuwa faili moja kamili ni rahisi kulitunza kuliko mafaili matano yenye tarehe tofauti za kuchomwa.

Hali ya pwani haina huruma kwa karatasi. Unyevu wa chumvi huotesha ukungu, mchwa hupanda kutoka sakafuni, na risiti zilizochapishwa kwa mashine ya joto hufifia mpaka zikawa tupu. Risiti hizo zipigwe nakala mapema, na faili liwekwe kwenye kabati la chuma lililoinuliwa kutoka chini, huku nakala ya kidijitali ikikaa nje ya jengo lenyewe. Picha zipewe majina yenye tarehe na chumba, si nambari ilizotoa simu.

Jengo likiuzwa, au kampuni inayolisimamia ikibadilika, faili la asbesto litajwe kwa jina katika mkataba wa makabidhiano, pamoja na ramani inayoonyesha mabati yaliyoondolewa na yale yaliyobaki juu ya paa, na anayepokea atie sahihi kwenye kila ukurasa wa orodha.