Kabla hujapewa wageni: nyoosha sentensi zako za Kiingereza

Aprili na Mei, masika yakikolea, vijana wengi wa Moshi wanaotegemea Kilimanjaro hukaa nyumbani kwa sababu wageni hupungua. Kama umebeba mizigo miaka kadhaa na sasa unataka kuongoza wageni, majuma hayo ni mali. Maneno ya Kiingereza unayo tayari, umeyaokota njia ya Marangu na Machame. Kinachowaangusha wagumu wengi, yaani wapagazi wa mlimani, ni mifupa ya sentensi, na hiyo haiokotwi njiani. Inataka daftari na utulivu.

Anza na kiima. Kiswahili hukiweka ndani ya kitenzi: "anakuja" ni sentensi kamili. Kiingereza hudai mtenda asimame peke yake, mbele ya kitenzi: "She is coming." Hata mvua, isiyonyeshwa na mtu, huwekewa kiima: "It is raining." Ukisema "Is raining" umeacha sentensi bila kichwa. Ila mtenda akishatajwa, usimrudie. Sisi tunasema "mgeni amechoka", na ile a- inamtaja mgeni mara ya pili, ndiyo maana tunateleza na kusema "The guest he is tired." Ondoa "he". Kosa hilohilo hujificha mwishoni pia. Katika "begi nililolibeba", li ya pili ni begi lenyewe. Kiingereza kinatosheka na "the bag that I carried". Hakuna "it" tena.

Kisha linda mpangilio: mtenda, kitenzi, mtendwa. Mtu akisema "begi amelichukua mpishi," viambishi vinatuonyesha nani kachukua nini. Kiingereza hakina viambishi hivyo, nafasi ya neno ndiyo inayobeba maana. Ukifuata mpangilio wetu neno kwa neno utapata "The bag took the cook," yaani begi limemchukua mpishi. Sifa nayo hutangulia, "big tent". "Kuna maji" ni "There is water", na "nina njaa" ni "I am hungry". Haya yaandike, uyakariri, uendelee.

Maswali ndiyo ninayokusihi uyape muda mrefu zaidi. Sisi tunaweza kuuliza kwa kupandisha sauti tu: "Unataka maji?" Kiingereza huleta kitenzi kisaidizi mbele: "Do you want water?" Kwa mtu mmoja anayezungumziwa ni "does", na hapo kitenzi kikuu hubaki kitupu: "Does she want water?", si "Does she wants".

Usiulize kwa kukanusha. Kwetu, ukiniuliza "Huumwi kichwa?" nami nikajibu "Ndiyo," nimekubaliana na wewe: siumwi. Mzungumzaji wa Kiingereza ambaye haumwi atajibu "No", na akijibu "Yes", huenda anakwambia kichwa kinamuuma. Sasa fikiria mazungumzo hayo yakifanyika kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720, ambako maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Wewe umesikia "Yes" ukafurahi, kumbe mgeni anaomba msaada. Uliza moja kwa moja: "Do you have a headache?" Akijibu "No", mrudie kwa sentensi kamili isiyo na kanusho: "So your head is fine." Msubiri athibitishe. Kwangu mimi, hii ndiyo sarufi iliyo muhimu kuliko nyingine zote mlimani.

Ukishaimudu sentensi sahili, jifunze kuunganisha. "Ukisikia kizunguzungu, niambie": ile -ki- inatoka nje ya kitenzi na kuwa "if": "If you feel dizzy, tell me." Angalia hakuna "will" baada ya "if", hata kama jambo bado halijatokea. Kwa amri, kitenzi kitupu kinatosha: "Drink water. Walk slowly."

Kuhusu saa, ingawa si sarufi hasa: safari ya kileleni huanza karibu na saa sita usiku. Hiyo ni "midnight". Ukitafsiri tarakimu ukasema "six", mgeni ataweka kengele yake asubuhi.

Kabla ya msimu wa Juni, andika maelezo yako ya jioni, yale utakayowapa wageni wakati wa chakula, sentensi kumi tu. Tumia vitu unavyovijua, kama vibanda vya njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720. "Tomorrow we walk to Horombo. It is at 3,720 metres." Katika kila sentensi pigia mstari kiima, kisha kitenzi. Ambayo haina kimojawapo, na si amri, iandike upya. Halafu mtafute mgumu mwenzako akae kama mgeni, umsomee kwa sauti, naye akuulize maswali ambayo hukuyaandika.