Somo: Kusoma mapigo ya moyo ukiwa nyumbani

Wengi wanaokuja kliniki ya presha hapa Moshi husema, "Sista, moyo unanienda mbio." Nikiuliza ulianzaje, ulidumu muda gani, ulipiga kwa mpangilio au ovyo ovyo, kimya. Na zamu ya ECG ikifika, kile kipimo cha kubandikwa waya kifuani, moyo umeshatulia na karatasi inatoka safi. Hapo daktari anabaki na maelezo yako tu.

Hatua ya 1. Kaa kwenye kiti dakika tano. Kama umetoka kupandisha mlima wa Kibosho au umemaliza kikombe cha kahawa, subiri nusu saa.

Hatua ya 2. Geuza kiganja kiangalie juu. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, pale penye kijibonde. Bonyeza kidogo tu. Gumba usilitumie kupimia, lina mapigo yake na litakuchanganya.

Hatua ya 3. Hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Mkimbiaji aliyezoea mazoezi anaweza kuwa na 50 na akawa hana tatizo lolote.

Hatua ya 4 wengi huiruka, nami naipa uzito kuliko namba yenyewe: fuatilia mpangilio. Gonga mguu sakafuni kila pigo linapokuja. Likikosekana moja, kisha linalofuata likaja kwa kishindo, hilo huwapata hata wenye afya njema, hasa wakikosa usingizi. Lakini mguu ukigonga kama bisi zinavyopasuka sufuriani, bila utaratibu wowote, nenda ukapimwe ECG hata kama huumwi popote. Huenda ni fibrilesheni ya atria: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama na kuganda, na donge likifika kwenye ubongo mtu anapata kiharusi.

Hatua ya 5. Andika tarehe, saa, idadi ya mapigo, ulichokuwa unafanya na dawa ulizomeza. Daftari la shule linatosha.

Mtu akizimia, akibanwa kifua, akikosa pumzi, mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, achana na kuhesabu. Mpeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC, popote palipo karibu. Bodaboda hapana, maana akizimia njiani ataanguka, tafuta teksi.

MASWALI

Mama wa Kiborloni: Sista, mashine yangu ya presha inanipa namba tofauti kila nikipima. Imeharibika?

Si lazima, mama. Moyo usio na mpangilio huichanganya mashine. Pima mara tatu, uache dakika moja kati ya vipimo, kisha hesabu kwa vidole pia.

Mzee wa Marangu: Natumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Mnafu nimeambiwa niache, na mbege je?

Shikamoo mzee. Mnafu huhitaji kuuacha, ila kula kiasi kilekile kila wiki. Ukiuacha kisha siku moja ukala bakuli zima, kipimo chako cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kitayumba. Mbege ni pombe kama nyingine: huvuruga dawa na inaweza kuamsha mapigo ya ovyo ovyo. Na ukiumwa mgongo, usinunue diklofenaki dukani bila kumuuliza daktari. Pamoja na warfarin inaweza kukutoa damu tumboni.

Baba wa Soweto ya hapa Moshi: Binti yangu wa miaka 16 akipanda ngazi anahema na moyo unamdunda. Wanasema ni mawazo ya mitihani.

Baba, usikubali jibu hilo kabla hajapimwa. Aangaliwe wingi wa damu, tezi ya shingo, ECG na eko, yaani utrasaundi ya moyo. Mwambie daktari kama utotoni aliumwa koo mara kwa mara au viungo vilimvimba, kwa sababu homa ya namna hiyo inaweza kuharibu valvu za moyo na dalili zikaja miaka mingi baadaye.