Kupima moyo nyumbani: namna ya kupata mchoro ambao daktari ataweza kuusoma

Moyo ukifikishwa kliniki huwa mpole. Usiku kucha umekuwa ukirukaruka kifuani, asubuhi mgonjwa anabandikwa waya, mchoro unatoka safi, anaambiwa hana neno, anarudi nyumbani na wasiwasi wake. Nimefanya kazi ya uuguzi Tanga mpaka nikastaafu, na kisa hicho nimekisikia kwa wagonjwa wengi mno. Ndiyo maana nasema kifaa cha nyumbani cha ECG, yaani kinachochora umeme wa moyo, kina kazi moja kubwa: kuukamata moyo pale pale unapoleta vurugu. Hakitibu, na hakijui mgonjwa ameze nini.

Tuanze na kununua, maana hapo ndipo watu wanapoliwa. Kile kibanio cha kidoleni kilichoingia majumbani wakati wa Korona kinapima oksijeni na kuhesabu mapigo kwa kutumia mwanga tu. Umeme wa moyo hakiuoni. Tena ukikibana kwenye kidole chenye hina nyeusi au rangi ya kucha, kinaweza kukudanganya hata hiyo oksijeni. Mashine nyingi za presha za kisasa zina alama ndogo ya moyo inayojitokeza mapigo yakikosa mpangilio. Hiyo ni tahadhari nzuri, lakini haina mchoro wa kumwonyesha daktari. Kisha kuna saa janja za bei poa, zinazochora mistari ya kupendeza kwenye skrini. Ukitaka kuijaribu kabla hujatoa pesa, ifunge kwenye chupa ya maji au taulo lililokunjwa. Zipo zitakazokuambia taulo lina mapigo sabini na kitu.

Saa yenye ECG ya kweli, kama Apple Watch kuanzia Series 4 ya mwaka 2018 (zile za SE hazina), inakutaka uiguse kwa kidole cha mkono wa pili, kwa sababu umeme wa moyo unapimwa kati ya sehemu mbili za mwili. Saa inayodai kuchora ECG kwa kukaa tu kwenye mkono mmoja bila kuguswa na mwingine, mrudishie muuzaji.

Nyumbani tunatumia kifaa cha ECG cha shangazi kiitwacho KardiaMobile, alicholetewa na mwanawe kutoka Muscat, Oman. Ni kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, kina visahani viwili vya chuma juu yake na betri ndogo ya duara ndani. Kabla ya kununua cha namna hii, hakikisha kwanza kwamba programu yake inapakulika kwenye simu yako ukiwa hapa nchini. Kifaa bila programu ni pambo.

Ukishaipakua, ingia kwenye mipangilio utafute kichujio cha umeme wa nyumba. Utaulizwa 50 au 60. Umeme wetu ni wa hezi 50, kama wa Oman na Uingereza. Marekani ni 60. Ukiacha namba isiyo yetu, mngurumo wa nyaya za ukutani unaweza kuingia kwenye mchoro na mstari wote ukaonekana umeota manyoya. Kwa sababu hiyo hiyo, simu ichomolewe kwenye chaji wakati wa kupima, na mgonjwa akae mbali kidogo na friji au feni.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ile KardiaMobile ya visahani viwili haiongei na simu kwa Bluetooth. Inatuma taarifa kwa sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliisikii, na simu inaipokea kwa maikrofoni. Basi programu ipewe ruhusa ya kutumia maikrofoni, kava lisiizibe, na simu iwe karibu, kama futi moja hivi. Zima redio.

Sasa mikono, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu michoro mingi mibovu niliyoletewa iliharibikia hapa. Shangazi mikono yake haiishi tui la nazi na mafuta ya kujipaka, na mafuta yanazuia umeme kupita. Anawe kwa sabuni, ajifute, abaki na unyevu kidogo vidoleni. Vidole vya wazee huwa vikavu, kwa hiyo maji matone mawili yanasaidia. Visahani navyo vifutwe kwa spiriti. Kisha akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, mikono yote hadi kwenye viwiko imelala juu ya meza, atulie dakika tano. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viguse sahani ya kushoto, viwili vya kulia ile ya kulia. Aviweke tu, asikamue. Mtu akibana, misuli ya mkono inatoa umeme wake, nao unaingia kwenye mchoro pamoja na wa moyo.

Asizungumze pia. Kwa shangazi hilo ndilo gumu, kwa sababu kibaraza chetu kinapitwa na mtaa mzima na yeye hapitwi na salamu.

"Shikamoo shangazi. Leo nusu dakika hakuna kumjibu mtu."

"Marahaba. Nusu dakika yako mwanangu, ndefu."

Ni sekunde 30, nasi siku hizi tunapimia chumba cha ndani. Kama una ile KardiaMobile ya 6L yenye sahani ya tatu mgongoni mwake, sahani hiyo inalala juu ya goti la kushoto au kifundo cha mguu wa kushoto, na ni lazima iguse ngozi. Pandisha kanga kidogo.

Mchoro ukitoka, usikimbilie maandishi ya programu. Tazama kwanza kama unasomeka. Minara mirefu ionekane wazi na mstari kati yake usiwe na manyoya. Kama minara yote imeelekea chini, angalia kwanza kama mikono haikubadilishana. Kifaa kikigeuzwa, mchoro unapinduka. Ukitaka kujua kasi bila kuitegemea programu, hesabu minara ya sekunde zote 30, zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika.

Baada ya hapo tazama nafasi kati ya mnara na mnara. Zikiwa zinatofautiana ovyo, moja fupi, moja ndefu, moja fupi sana, na kile kilima kidogo kinachotangulia kila mnara hakionekani, huenda ni ile hali ambayo madaktari wanaiita AF (atrial fibrillation). Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo na inaweza kuganda, na bonge likitoka likafika kwenye ubongo ni kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mwenye AF ni kama mara tano ya asiye nayo. Kwetu huku haiwapati wazee peke yao. Wapo wasichana na akina mama vijana ambao valvu zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi baada ya maambukizi ya koo utotoni, nao AF inawafuata mapema.

Programu ikiandika kwamba mapigo ni ya kawaida, maana yake ni kwamba yalikuwa ya kawaida kwa sekunde hizo 30. Ikiandika kwamba haikuweza kutambua, hiyo peke yake haina maana ya ugonjwa. Nawa tena, tulia, rudia. Ikiandika kuna dalili ya AF, mpeleke mtu kwa daktari pamoja na mchoro wenyewe, na dawa asiziguse mpaka aambiwe. Simwelewi mtu anayejipunguzia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu simu imempa alama ya kijani.

Kitu kimoja kifaa hiki hakiwezi kabisa ni kukuambia kama mtu anapata shambulio la moyo. Kifua kikibana, maumivu yakienda taya au mkono, jasho baridi, pumzi ikikatika, au mtu akizimia, au uso ukipinda na maneno yakawa mazito, kifaa kibaki mezani na gari litafutwe. Na mwenye betri ya moyo (pacemaker) iliyopandikizwa kifuani asikitumie bila kwanza kumuuliza daktari wake.

Upime lini? Moyo unapoleta vurugu, na saa ambazo daktari amekupangia. Kupima kila saa kunamtia mtu hofu, na hofu nayo inapandisha mapigo. Karibu na kifaa pawe na daftari. La shangazi lina mistari kama huu: "Alhamisi, saa tisa usiku. Aliamka kwenda msalani. Moyo mbio, kizunguzungu, kama nusu saa. Hakuanguka." Daktari akiwa na mchoro na mstari huo, ameshajua nusu ya anachotaka kuuliza.

Mchoro utumwe kama PDF, si picha ya skrini. Picha inaweza kukata vile viboksi vya nyuma, na daktari anapimia kwa viboksi hivyo: kikubwa kimoja ni sekunde 0.2. Ukiweza uchapishe kwenye duka la steshenari, uandike jina na tarehe kwa kalamu. Hata hivyo usishangae akitaka kumfunga mgonjwa Holter ya saa 24, chombo kinachorekodi moyo mfululizo, kwa sababu sekunde 30 ni dirisha dogo. Chombo hicho kimepewa jina la Norman Holter, Mmarekani ambaye cha kwanza alikibeba mgongoni kikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 35. Cha leo kinaning'inia shingoni au kiunoni, na shangazi alilala nacho vizuri tu, ila alilalamika kukatazwa kuoga.

Karatasi uliyochapisha iingie kwenye faili kabla hamjatoka chumba cha daktari. Ukiondoka nayo mkononi, kliniki ijayo mtaanza upya.